Kivuli cha Mnara wa Skuinsfontein

Blouput,
14 Machi

Mdogo wangu Lenie,

Usishangae kuona mwandiko wangu. Mara ya mwisho nilipokuandikia ulikuwa bado bwenini na nilikuwa nakudai koti langu. Lakini simu zimekufa. Mnara wa Skuinsfontein ulizimwa baada ya Krismasi kama walivyotutishia, na tangu hapo simu yangu ni saa tu ya kunikumbusha kwamba nimechelewa. Ukipiga ukaambiwa sipatikani, usidhani nimenuna. Barua zitume kwa Frikkie wa lori la mkate. Anapita dukani kila Alhamisi, ananiachia pale njia panda.

Wanasema darubini zao kule ng'ambo ya vilima zinasikiliza nyota, na mnara wetu unazipigia kelele masikioni. Mimi sina ugomvi na nyota. Nauliza tu zina haraka gani. Walituletea redio moja ya dharura, wakaiweka ndani ya duka, na duka linafungwa Jumamosi mchana mpaka Jumatatu. Kwa hiyo ukitaka kuumwa, uumwe siku za kazi. Simu ya karibu sasa iko mjini, zaidi ya saa mbili kwa pikapu, na hapo barabara iwe kavu.

Jirani yetu Oom Apools anasema kuna mtu alikaa na kompyuta, akauchora mnara wetu humo ndani, kompyuta ikamwambia zima. "Hajawahi hata kulionja vumbi la hapa," anasema. Si ndiyo kazi yako wewe, hizo antena? Basi mtafute. Mwambie aje anywe kahawa na sisi, halafu tumbo limshike Jumapili.

Wifi yako Siena anakusalimu. Kondoo hawajambo.

Kaka yako,
Dawid


Stellenbosch,
2 Aprili

Kaka Dawid,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni, mfuko wa mboga bado mkononi. Koti bado ninalo, na siku hizi ni langu.

Poleni sana na habari ya simu. Umenitajia kazi yangu, nami sikumbuki kama niliwahi kukueleza vizuri. Kutwa nzima ninajenga antena za uongo. Naiambia programu umbo la kila chuma, urefu wake, umbali wake na mwenzake, na umeme unaoingia. Programu inavikata vyote vipande vidogo vidogo, inakokotoa jinsi kila kipande kinavyovisukuma vingine, na mwisho inanichorea mawimbi yanaelekea wapi na yana nguvu gani. Antena moja haina taabu. Ukizipanga nyingi kwa safu ndipo kazi inapoanza, kwa sababu kila moja inasumbuliwa na jirani yake. Hapo mnafanana nazo, watu wa nyika ya Karoo.

Kuhusu huyo mtu wa kompyuta, ofisi zipo nyingi na watu ni wengi. Nitauliza.

Mbona Siena umemwandika kwa neno moja tu? Mwambie aniandikie mwenyewe.

Mdogo wako,
Lenie


Blouput,
11 Mei

Lenie,

Oom Apools tumemzika jana.

Jumamosi iliyopita, baada ya chakula, alipanda kinu chake cha upepo kukaza bolti. Mkewe, Ta Mietjie, alikuwa jikoni. Alisikia kishindo, akadhani ni bati limeng'oka. Alipomwona alikimbia kwa miguu mpaka kwangu, na unaujua ule mwendo, na mama yule unaijua miguu yake.

Nilikwenda kwanza dukani kwa ajili ya ile redio. Limefungwa, mwenye duka yuko harusini mjini. Niligonga mlango kama mwendawazimu. Kisha nikaona napoteza wakati, nikashika barabara. Tulikuwa tumemlaza nyuma ya pikapu juu ya magunia ya sufu, Ta Mietjie amempakata kichwa. Alikuwa anaongea. Alinipigia kelele, "Punguza, Frikkie, utamwaga mikate ya watu." Alidhani yuko kwenye lori la mkate.

Tulipovuka mto mkavu sauti yake sikuisikia tena. Nikaongeza mwendo. Mbele kidogo Ta Mietjie aligonga kioo, akaniambia, "Sasa unaweza kwenda polepole, Dawid."

Mjini nilimuuliza daktari kama ambulensi ingekutana nasi njiani ingekuwaje. Aliangalia viatu vyake. Mwaka jana, Lenie, ningepiga simu nikiwa bado uani kwake.

Ta Mietjie amehamia kijijini Skuinsfontein, kwenye nyumba ya marehemu dada yake. Shamba hataki kuliona.

Huyo mtu umempata?

Dawid


Stellenbosch,
23 Mei

Kaka Dawid,

Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana. Oom Apools ndiye aliyenifundisha kuendesha gari, kwenye bwawa lililokauka, ili nisigonge kitu. Mpe Ta Mietjie pole zangu. Nitamwandikia nitakapojua la kumwambia.

Huyo mtu sijampata.

Nina ombi ambalo utaliona la ajabu kwa wakati huu. Mnara una urefu gani mpaka kwenye zile antena za juu? Na mtu akisimama huko juu, analiona paa la nyumba yetu hapo Blouput? Wewe ulipanda na mafundi mwaka ule walipoujenga. Kuna jambo nataka kulijaribu.

Lenie


Blouput,
20 Juni

Lenie,

Juzi tulikuwa na mkutano kwenye ukumbi wa shule. Mradi wa darubini ulimtuma kijana mmoja mpole, suruali imenyooka. Ta Mietjie alisimama akamuuliza, "Nani alipima mpaka mkaona mnara wetu ni kelele?" Kijana akatabasamu. Nadhani aliona anatupa zawadi. Akasema, "Ondoa wasiwasi, mama, kazi hiyo hatukumpa mgeni. Imefanywa na binti wa hapa hapa kwenu, mhandisi Lenie Tieties."

Ukumbi mzima uligeuka. Hawakumtazama yeye. Walinitazama mimi.

Nilikuandikia umtafute, ukanijibu ofisi ni nyingi. Nilikuandikia nimemzika Oom Apools, ukaniuliza urefu wa mnara. Ta Mietjie hakunisemesha. Alichukua mkoba wake akatoka nje, nami nikabaki na kikombe cha chai ambacho sikujua nikiweke wapi.

Usiniandikie.

D. Tieties


Stellenbosch,
1 Julai

Dawid,

Naandika hata kama utaitia jikoni na kuni.

Ni mimi. Kazi ililetwa ikiwa na namba za ramani tu, na nilipoziweka kwenye kioo cha kompyuta nikauona mnara wetu, nikaiona na barabara ya shule. Ningeweza kuikataa. Niliichukua kwa sababu niliogopa mtu mwingine angeifanya juu juu. Niliirudia kwa kila njia ninayoijua. Niliongeza vilima, niliongeza joto, niliongeza hata mabati ya shule. Jibu lilikuwa lile lile: mnara ule, kwa jinsi unavyotangaza pande zote, unaziba masikio ya darubini. Hesabu ilikuwa sahihi, Dawid, sitaiombea msamaha. Msamaha nauomba kwa kukunyamazia, na kwa kukuandikia kwamba huyo mtu sijampata.

Sasa sikiliza ninachojaribu. Antena zikiwa safu, unaweza kuzipangia zamu, hii itoe wimbi lake mapema kidogo, ile ichelewe. Upande mmoja mawimbi yanaongezeana nguvu. Upande mwingine yanakutana kinyume, yanafutana, panabaki kimya. Nataka mnara unaosema pande zote na kunyamaza upande mmoja tu, ule wa darubini. Nikiziweka antena peke yake kwenye modeli, zinatii. Nikiongeza nguzo ya chuma zinapofungwa, zinaasi. Kompyuta inakokotoa siku nzima, asubuhi nakuta kile kimya kimehamia pasipotakiwa, naanza upya.

Nahitaji vipimo vya kweli kutoka kwenye kilima cha nyuma ya nyumba yetu. Nitakuja na fundi wetu, Riedwaan, katikati ya mwezi. Hutalazimika kuongea nami. Utufungulie lango tu.

Lenie


Stellenbosch,
22 Julai

Dawid,

Ulinitazama pale langoni kama mtu aliyekuja kununua kondoo na hana sura ya mnunuzi. "Shamba hili halipimwi," ulisema, basi. Nimezaliwa katika nyumba ile, na nimeiangalia kupitia nyaya.

Njiani Riedwaan aliniuliza, "Yule ni kaka yako wa tumbo moja?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Inaonekana. Nyote wawili mkikasirika mnakuwa na adabu mno."

Nilimwona Siena dirishani. Hakutoka. Yeye naye amenikasirikia?

Lenie


Blouput,
12 Agosti

Wifi yangu Lenie,

Nakuita hivyo kwa raha, maana siku hizi wewe ndiye wifi pekee inayofika Blouput.

Sikukasirika. Sikutoka kwa sababu ungeniona tumbo. Nina miezi sita. Dawid hataki itamkwe mbele ya mtu yeyote. Baada ya yule tuliyempoteza mwaka juzi anaona kama tukisema kwa sauti kitu kitasikia. Mimi namwacha, kila mtu na namna yake ya kuogopa. Lakini nesi wa kliniki ya gari amenipima presha mara mbili, na mara ya pili aliniuliza naishi mbali gani na mji. Nilipomjibu aliinama akaandika. Asubuhi viatu haviniingii.

Hasira ya Dawid si ya Oom Apools peke yake. Kila akikukumbuka wewe anaiona ile barabara, na nyuma ya pikapu ananiona mimi.

Fundi wako alirudi kesho yake akiwa peke yake. Nilimfungulia mimi, Dawid alikuwa malisho ya juu. Akapanda kilimani na kisanduku chake, akashuka, akala mikate yangu ya makaa mpaka nikaona haya kumwongezea, akaondoka. Dawid hajui. Ukimwambia nitasema ulivunja uzio.

Sasa nijibu kwa ukweli. Huo mnara utawashwa kabla ya Novemba?

Siena


Stellenbosch,
24 Agosti

Mpendwa Siena,

Nimefurahi na nimeogopa kwa pamoja, sijui kipi kilitangulia.

Kompyuta bado inakokotoa. Vipimo vya Riedwaan vimesaidia sana, lakini siwezi kusema kitu kwa uhakika kwa sasa. Naomba jambo moja: ikifika Oktoba, hamia kijijini kwa Ta Mietjie. Mnara uwake usiwake, wewe uwe kijijini. Mweleze Dawid kwamba ni nesi aliyesema.

Lenie


Blouput,
3 Septemba

Wifi,

Hiyo kompyuta yako inakokotoa kama mtu anayekwepa swali. Mnara ukiwashwa nitakuwa na simu hapa hapa kitandani kwangu, sasa kijijini naenda kufanya nini?

Kuna kitu umekiona kuhusu Blouput. Mwandikie Dawid kabla sijamwambia mimi, maana mimi nitakisia, na nikikisia huwa nazidisha.

Siena


Stellenbosch,
14 Septemba

Kaka Dawid,

Siena ameniambia habari ya mtoto. Usimgombeze.

Safu imekubali. Mwishoni mwa Julai, baada ya kuweka vipimo vya kilimani (nilivipata, na usiulize vipi), nilizisogeza antena karibu zaidi na nguzo nikaifanya nguzo yenyewe kuwa mojawapo badala ya kupigana nayo. Kile kimya kikatulia pale pale nilipokitaka. Tumeshatengeneza antena za kweli tukazipima huku, na mradi umeridhika. Kamati yao ikikubali, zitapandishwa mwezi wa kumi na mnara utawashwa. Skuinsfontein, shule, mashamba yote ya mtoni, na shamba la Oom Apools, wote watapata simu.

Isipokuwa Blouput.

Kutoka juu ya mnara, nyumba yetu na darubini ziko kwenye mstari mmoja. Darubini ziko mbali sana, sisi tuko karibu, lakini kwa wimbi linaloondoka mnarani upande ni ule ule. Kimya kinachozilinda kinapita juu ya paa letu. Nimejaribu kukifanya kiwe chembamba kipite kando. Kwenye modeli kinakuwa chembamba kama uzi, halafu naweka upepo wa Agosti, nguzo inatikisika kidogo, na uzi unakatika. Nimejaribu kuinamisha safu ili iongee na bonde na kunyamazia upeo wa macho. Haikutosha. Nimelijua hili kwa zaidi ya mwezi na nusu. Nilikaa nalo nikiomba nikosee. Nilimwandikia Siena kwamba kompyuta haijamaliza. Ilikuwa imemaliza zamani.

Kuna sharti moja. Mwenye shamba lililo ndani ya kimya hicho, wenyewe wanakiita kivuli, lazima asaini kwamba amekubali. Usiposaini, safu haipandishwi na mnara unabaki umezimwa kwa wote. Sitakushauri. Ningekushauri nisingejua kama ni dada anayesema au ni mhandisi anayetaka kazi yake ipandishwe.

Lenie


Blouput,
5 Oktoba

Lenie,

Mkutano ulikuwa ukumbini kule kule. Kijana wa mradi alileta mchoro wako akautundika ukutani. Ni kama ua kubwa lililokatwa petali moja, na pale penye pengo wameandika jina la shamba la baba yetu. Watu waliutazama, halafu hakuna aliyetaka kunitazama.

Niliuliza, "Wangapi watapata simu?" Akasema wote. Nikasema, "Rudia vizuri." Akasema, "Wote isipokuwa wewe, bwana Tieties."

Ta Mietjie alinyanyuka. Tangu Juni hakuwa ameniambia neno. Alisema, "Dawid, mimi nimeshazika. Usisaini kwa ajili yangu. Na atakayemlaumu akikataa, aje kwanza aongee na mimi."

Nimesaini. Usinifanye mtu mwema. Nilipiga hesabu yangu mwenyewe, nayo haihitaji kompyuta: leo simu iko saa mbili kutoka kitandani kwa Siena, kesho itakuwa nusu saa, na akihamia kijijini itakuwa mezani.

Siena amekwenda kwa Ta Mietjie Jumatatu. Mimi nimebaki, ni wakati wa kukata sufu, siwezi kuwaacha kondoo. Ulikaa na jambo langu zaidi ya mwezi ukiliangalia kwenye kioo. Hilo bado hatujalimaliza.

Dawid


Blouput,
19 Novemba

Lenie,

Nimerudi kutoka hospitali jana, na najua ulishazipata habari kabla yangu. Lakini nataka uzipate kutoka kwangu pia.

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye boma nikaona vumbi la lori la mkate. Frikkie haji Jumamosi. Nilisimama na ndoo mkononi, nikawa namwomba Mungu lori lipite liende kwingine, wakati barabara ile haina kwingine. Alishuka bila kuzima injini. Nikamuuliza, "Nani?"

Akasema, "Wote wawili wazima. Panda."

Nilimwuliza tena njiani, mara nyingi, mpaka akaniambia, "Dawid, ningekuwa nakudanganya ningekuwa nimeshasahau nilichosema." Kisha akanieleza. Ijumaa asubuhi Siena aliamka kichwa kinapasuka, anaona cheche machoni. Ta Mietjie alimshika kwa mkono mmoja, akapiga simu kwa mkono wa pili, maana huko mnara umeshawaka. Ambulensi ilitoka mjini, na mwenye duka akawapeleka kwa gari lake wakakutana nayo kwenye mto mkavu. Daktari alimpasua siku ile ile. Ni msichana. Mdogo, wamemweka kwenye kisanduku chenye joto, ana kelele kuliko kimo chake. Nilimuuliza daktari, yule yule wa Mei, ingekuwaje wangechelewa. Safari hii alinitazama usoni, akanijibu. Sitakuandikia alichosema.

Siena bado amelazwa, presha inashuka taratibu. Aliniuliza kama nina hasira na wewe. Nikamwambia ndiyo, imepungua lakini ipo. Akasema, "Basi mwandikie nayo hivyo hivyo." Njoo Krismasi. Ta Mietjie anasema atakuja kupika utumbo, na kwamba ana maneno na wewe, na kwamba atayasema baada ya kula.

Kuna jambo moja linanirudia. Ijumaa ile wilaya nzima ilijua. Mwenye duka alijua, mwalimu alijua, yule kijana wa mradi alijua, wewe uliyeko Stellenbosch ulijua kabla ya saa sita. Mimi nilitengeneza uzio, nikachemsha viazi, nikakaa kidogo kizingitini. Mke wangu amelazwa juu ya meza ya daktari na mtoto wangu anavuta pumzi ya kwanza, nami nilikuwa nimevua viatu. Nilidhani kwamba jambo kama hilo mtu angelisikia mwilini hata bila simu. Sikusikia kitu, Lenie. Nililala vizuri mpaka asubuhi.

Kaka yako,
Dawid